Dozi ya mofini inapanda, maumivu nayo yanapanda: uzi kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani

NesiWaShufaa (mleta uzi)

Wakuu salaam, na poleni nyote mnaouguza.

Kuna jambo ambalo familia nyingi zenye mgonjwa wa saratani hupambana nalo bila kuambiwa kwamba lipo. Mgonjwa kaanzishiwa mofini ya maji. Wiki za mwanzo kapata nafuu kweli: analala, anamaliza uji, anauliza habari za shamba. Halafu maumivu yanarudi. Dozi inapandishwa, anapumua siku mbili tatu, yanarudi tena, na safari hii makali kuliko ya mwanzo. Inapandishwa tena. Mwishowe hata shuka likimgusa mguu analia, na maumivu yaliyokuwa kiunoni sasa yako mgongoni, mapajani, mikononi, hana hata pa kuonyesha kwa kidole. Nyumbani wanasema ugonjwa umeshatapakaa. Huenda kweli. Lakini huenda pia dawa yenyewe imeanza kuyachochea maumivu iliyopewa kazi ya kuyatuliza.

Hali hii inatambulika kitabibu. Inaweza kuletwa na mofini na ndugu zake wa jamii ya afyuni, kama fentanili, haidromofoni na wengineo. Mimi ni nesi, kazi yangu ni tiba shufaa, yaani kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, na uzi huu naleta kwa sababu ya watu wa aina mbili ninaokutana nao. Kuna wanaoongeza dozi bila kumuuliza mtu. Na kuna wanaoisikia habari hii nusu nusu, kisha wanaficha chupa kabatini huku mgonjwa anateseka. Hawa wa pili wananiumiza zaidi.

Kwa hiyo kabla ya yote: USIMKATIE MGONJWA WAKO MOFINI KWA SABABU YA UZI HUU. Tatizo kubwa la nchi kama zetu ni kuikosa mofini. Tume ya jarida la tiba la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Watu wetu wengi wanakufa wakiuma meno bila kuonja hata tone. Mofini ya kunywa ikitolewa kwa saa zake na kwa kipimo cha mtu mwenyewe ni msaada mkubwa kwa mgonjwa wa saratani, na mimi naitoa bila kusita.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1870 daktari Mwingereza Clifford Allbutt, yule aliyebuni kipimajoto kifupi cha homa, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wakichomwa sindano za mofini kwa muda mrefu. Akauliza kama dawa ile haiyakuzi maumivu yale yale inayojidai kuyaondoa. Kwa wagonjwa wa saratani hasa, mwaka 1993 madaktari wa Denmark walieleza katika jarida la Pain habari za watu waliokuwa karibu na mwisho wa maisha, wakipewa mofini ya mshipa mfululizo: wakiguswa tu wanaumia, na misuli inarukaruka. Mwaka uliofuata wakaandika tena kwamba mofini iliposimamishwa au kubadilishwa kwa dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, hali ile iliondoka. Hapo ndipo penye matumaini, maana kinachoondoka kwa kubadilisha dawa si saratani iliyosambaa.

Inakuwaje? Taarifa ya maumivu hupanda kwa neva hadi uti wa mgongo, na huko mofini hukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inapojishika, na kuizuia isipite. Ikikaa kwa wingi na kwa muda mrefu, mwili nao unajibu. Vipokezi vingine, vinavyoitwa NMDA, huamshwa na kuzifanya seli za uti wa mgongo ziwe nyepesi kushtuka. Ubongo una njia ya kushusha amri ya kupunguza maumivu na njia ya kuyazidisha. Hapa huegemea ile ya kuzidisha. Seli zinazozizunguka neva nazo huanza kumwaga kemikali za uchochezi. Mguso wa kawaida unapokelewa kama jeraha.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kwetu naiona nzito kuliko zote: FIGO.

Ini likiichakata mofini hutoa mabaki mawili makubwa. Moja, M6G, lina nguvu ya kutuliza na kuleta usingizi. Jingine, M3G, ambalo ndilo jingi zaidi, halitulizi chochote, na katika majaribio ya wanyama limeonekana likizichokoza neva. Yote mawili hutoka kwa mkojo. Figo zikilegea, yanabaki mwilini na kujikusanya.

Na saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasogea mbali. Uvimbe ukipanuka ndani ya nyonga hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mfereji ukiziba, maji yanarudi uani: figo zinajaa na kuchoka taratibu, na mgonjwa anaweza asihisi chochote upande huo. Mama anakunywa kipimo kile kile alichokuwa anakunywa mwezi uliopita, kumbe mwilini ni sawa na aliyeongezewa. Saratani ya tezi dume inaweza kuwafanyia baba zetu vile vile. Ongezea kutapika, ongezea kutokunywa maji, ongezea sindano za maumivu za diklofenaki za duka la dawa la mtaani, ambazo nazo huumiza figo.

Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akilia maumivu mapya, kabla hatujauliza tuongeze mililita ngapi, tuulize figo zake zikoje. Kreatinini ni kipimo cha damu cha kawaida, ikipanda ujue figo zinalegea. Ultrasaundi inaonyesha figo zilizojaa. Si vipimo vya kusafiri kwenda India.

Karibuni, maswali nitayajibu kadiri zamu zinavyoniruhusu.

---

KijanaWaKilosa

Shikamoo dada Nesi. Nimesoma huku mikono inatetemeka. Mama ana kansa ya kizazi, alimaliza mionzi mwaka jana. Anatumia mofini ya maji kila saa nne. Tangu wiki iliyopita mikono na miguu inashtukashtuka akiwa amelala, ukimgeuza kitandani anapiga yowe hata ukimshika begani, na usiku anaongea na watu ambao hawapo. Mjomba anasema ni mambo ya kikwetu, apelekwe kwa mtaalamu. Kliniki ni Alhamisi ijayo. Nisubiri?

---

NesiWaShufaa

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa mama.

Usisubiri Alhamisi. Mpeleke leo. Misuli kushtuka, ngozi kutovumilia kuguswa sehemu ambazo hazina ugonjwa, na kuona watu wasiokuwepo: hayo matatu yakija pamoja kwa mtu anayetumia mofini, ni dalili kwamba dawa au mabaki yake yamezidi mwilini. Angalia pia mkojo, umepungua? Umekuwa wa rangi nzito? Anapumua vipi? Ukiona anapumua polepole mno na kumwamsha ni kazi, hiyo ni dharura ya saa hii hii.

Nenda na chupa ya dawa yenyewe. Nenda na karatasi yenye saa na mililita alizokunywa siku hizi za karibuni, pamoja na dawa nyingine zote, hata za miti shamba, hata zile ambazo mjomba kaleta. Ukifika sema hivi: mama anatumia mofini kwa maumivu ya saratani, maumivu yamebadilika sura, misuli inaruka, anachanganyikiwa, tunaomba figo zake zipimwe. Usione haya kulirudia hilo la figo.

Mjomba msikilize kwa heshima, ni mkubwa wenu. Lakini mama aanzie hospitali.

---

MzeeWaKagera

Asante kwa somo. Mimi kinachonichanganya ni kimoja. Tuliambiwa mwili huizoea mofini, ndiyo maana huongezwa. Sasa nitajuaje kama mwili umezoea tu, au ni hii hali unayoisema?

---

NesiWaShufaa

Mzee wangu, hilo ndilo swali ambalo hata sisi wodini tunajiuliza kila mara.

Mwili ukiwa umezoea tu, maumivu ni yale yale ya zamani, mahali pale pale, ila dawa haifiki mbali kama mwanzo. Ukiongeza, anatulia. Hali ninayoieleza mimi ni nyingine. Maumivu yanabadilika tabia: yanaenea hadi kusiko na uvimbe, yanakuwa ya kuunguza au kuchoma, ngozi haitaki kuguswa, na ukiongeza dawa hatulii au anazidi. Ukipunguza kwa uangalizi, anapata nafuu. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza ndugu, nami siwalaumu.

Na uteja ni kitu cha tatu kabisa. Mgonjwa wa saratani anayeomba dawa kabla ya saa yake, mara nyingi sana anaomba kwa sababu anaumia. Tafadhali tusimwite majina.

---

DaktariWaZamu

Uzi mzuri, niongeze tahadhari mbili za upande wa udaktari.

Kwanza, hali hii huthibitishwa baada ya kuondoa sababu nyingine, na sababu nyingine ndizo nyingi. Maumivu ya mgonjwa wa saratani yakizidi, la kawaida kabisa ni ugonjwa kusogea. Kisha kuna mfupa uliovunjika kwa sababu saratani imeula, maambukizi, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, na choo kigumu, ambacho mofini yenyewe hukileta na ambacho watu hukidharau. Kuna wanaoruka dozi ya usiku. Kuna wanaotapika dawa kabla haijaingia. Moja lisisubiri hata kidogo: mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imeanza kuisha nguvu, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena.

Pili, kuhusu M3G. Kwa wanyama ushahidi uko wazi kiasi, kwa binadamu bado wataalamu wanabishana kama peke yake ndiyo yenye lawama. Hata hiyo hali nzima, kwa wagonjwa wa saratani, sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka kwenye taarifa za mgonjwa mmoja mmoja au vikundi vidogo. Ila lisilobishaniwa ni kwamba figo zikifeli, mofini hutumiwa kwa uangalifu mkubwa au hubadilishwa.

---

NesiWaShufaa

Ahsante daktari, na hilo la choo naliunga mkono kwa moyo wote. Kila anayeanzishiwa mofini aanzishiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Nimeona mgonjwa akiongezewa mofini kwa maumivu ya tumbo yaliyokuwa ni choo cha wiki nzima.

---

Fundi_Seremala

Mimi baba alipofikia hatua hiyo tulimwachisha siku moja, tukampa mitishamba. Kama dawa inaleta maumivu, si bora iachwe kabisa?

---

NesiWaShufaa

Kaka, pole kwa baba. Natambua mlikuwa mnamtafutia nafuu.

Lakini kwa wanaosoma: mtu aliyetumia mofini kwa wiki kadhaa akikatiwa ghafla, mwili unaasi. Atatoka jasho, ataharisha, atatetemeka, moyo utaenda mbio, hatalala, na maumivu ya saratani yaliyokuwa yamefunikwa yatafumuka yote kwa pamoja. Hospitalini tunapunguza kwa hatua, pengine robo, pengine nusu, kutegemea hali yake, tukiwa karibu naye. Hapo hapo tunaziba pengo kwa njia nyingine: parasetamoli kwa saa zake, amitriptilini au gabapentini kwa maumivu ya neva, mionzi kwa saratani iliyoingia mfupani, maana hata dozi moja ya greyi 8 (greyi ni kipimo cha mionzi) inaweza kumpunguzia mtu maumivu ya mfupa pasipo kumrudisha hospitali kila siku. Kuna na ketamini, ile dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji. Kwa kiasi kidogo huzuia vile vipokezi vya NMDA nilivyovitaja, na uzuri wake dawa hii ipo katika hospitali zetu nyingi. Lakini ni ya kusimamiwa na anayeijua.

Na kama ni figo zimeziba, wakati mwingine mrija wa kutolea mkojo ukiwekwa, kila kitu kinabadilika. Maji ya mshipa pia husaidia kwa aliyekaukiwa.

---

DaktariWaZamu

Gabapentini nayo hutoka kwa figo. Dozi ipunguzwe kama figo ni dhaifu, la sivyo mgonjwa atalala siku nzima.

---

MamaWawili

Dada Nesi, sisi kaka yetu yupo nje ya nchi kwa matibabu, kansa ya kongosho. Madaktari wanataka kumtoa kwenye mofini wampe methadoni kwa sababu hiyo hiyo unayoisema. Huku nyumbani kikao cha ukoo kimewaka. Shangazi kasema methadoni ni ya mateja, mtoto wake hawezi kupewa dawa ya mateja, watu watasema nini. Naomba maneno ya kumwambia.

---

NesiWaShufaa

Mpe pole shangazi, na mwambie hofu yake naielewa. Bongo methadoni tumeifahamu kwa mlango huo: kliniki ya Muhimbili iliyoanza mwaka 2011 kuwatibu watu wa heroini, na nyingine zilizofuata. Kliniki zile zimeokoa vijana wengi, kwa hiyo hata huko si dawa ya aibu.

Lakini methadoni ni dawa ya maumivu pia, na inatumika kwa saratani nchi nyingi. Kwa hali hii ina sifa mbili zinazowavuta madaktari. Inagusa vipokezi vile vile vya mofini, na papo hapo inazuia kwa kiasi vile vya NMDA vinavyozidisha maumivu. Tena haiachi mabaki ya aina ya M3G, na haizitegemei figo kama mofini. Mwambieni shangazi kwamba kaka anahamishwa kwenye dawa inayofaa mwili wake kwa sasa, basi.

Ugumu wake upo, usifichwe. Hukaa mwilini muda mrefu na kwa kila mtu tofauti, inaweza kujikusanya siku kadhaa bila kuonekana kisha ikamlaza mtu ghafla, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana hupimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Ubadilishaji wake hauna hesabu ya moja kwa moja ya milligramu kwa milligramu. Kwa hiyo muulize kaka: daktari anayembadilishia amezoea kuitumia? Watamwangalia kwa karibu siku za mwanzo? Akijibiwa ndiyo, shangazi na atulie.

---

Nasaha_Kampala

Salamu kutoka Uganda. Mimi pia ni muuguzi. Kwetu mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, na Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huchanganya mofini ya maji kutoka kwenye unga na kuitia rangi tofauti kulingana na nguvu yake.

Nataja rangi kwa sababu moja. Kabla hujasema dawa imemgeuka mgonjwa, soma kibandiko cha chupa. Chupa moja inaweza kuwa na nguvu mara kumi ya nyingine, mililita ni zile zile. Familia imepewa chupa mpya, wanaendelea na kipimo cha zamani, baada ya siku chache mgonjwa anashtukashtuka. Linganisheni namba za milligramu kila mnapopokea chupa, kabla hamjatoka dirishani kwa mfamasia.

---

NesiWaShufaa

Dada yangu wa Kampala, umenena. Wakuu, hilo lichukueni kama lilivyo. Na kile kijiko cha chai cha nyumbani kiacheni, pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko havilingani.

---

KijanaWaKilosa

Dada, nimempeleka. Kreatinini iko juu sana, figo zote mbili zimejaa kwenye ultrasaundi. Wamempunguzia mofini, wamemwekea dripu, na kesho anapelekwa hospitali ya mkoa kuonwa na daktari wa mkojo. Jana usiku kuruka kwa misuli kulipungua kidogo. Bado anaumia kiunoni. Nimewauliza kama watamrudishia dozi ya zamani, wakasema watazungumza na watu wa tiba shufaa.

---

NesiWaShufaa

Umefanya kazi kubwa. Maumivu ya kiuno aliyobaki nayo ni ya kweli na yana haki ya kutibiwa, kwa hiyo usikubali aambiwe avumilie kwa kuwa mofini "imemkataa". Waulize nini kitaziba nafasi ya kile kilichopunguzwa. Na wewe ulale, mtafute dada au binamu wa kushika zamu ya usiku.

---

Mwanakwerekwe_Muscat

Assalaam alaykum. Nipo Omani, namuuguza mume wangu. Figo zake dhaifu, wamemtoa kwenye mofini wamempa viraka vya fentanili vya kubandika kifuani. Siku ya kwanza aliumia mno nikadhani havifanyi kazi. Je, nimwekee kitambaa cha moto juu yake ili dawa iingie haraka? Bibi yangu alikuwa akikanda maumivu yote kwa moto.

---

NesiWaShufaa

Wa alaykum salaam dada. USIWEKE MOTO juu ya kiraka wala karibu yake. Joto huifanya fentanili iingie kwa kasi na inaweza kumzimisha pumzi. Hata blanketi la umeme, hata kukaa na jua kali la huko juu ya kiraka, epuka. Akipata homa kali, wapigie simu madaktari, maana homa nayo hufanya hivyo hivyo.

Kuumia siku ya kwanza si ajabu: kiraka huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake. Muda huo alipaswa kuwa na dawa ya kunywa ya kumvusha, waulize wamempangia ipi. Kwa kawaida kiraka hubadilishwa kila baada ya saa 72. Andika tarehe na saa juu yake kwa kalamu kabla ya kubandika. Kipya kibandike mahali pengine penye ngozi kavu, isiyo na kidonda. Cha zamani kikunje upande wa gundi ukigusana, ukiweke mbali na watoto hadi utakapokirudisha kwa mfamasia, kwa sababu dawa inayobaki ndani yake inatosha kumuua mtoto mdogo.